Vyura Elfu Nne wa Bonde la Matete

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani yoyote, na nawaomba msipoteze muda kuitafuta. Kama msomaji ataona waziri wake anafanana na waziri wangu, basi hiyo ni bahati mbaya ya sura tu, na watu hufanana. Mimi nilikuwa mtumishi mtiifu wa nchi hiyo kwa miaka ishirini na miwili, karani wa takwimu daraja la tatu, na nilipoanza kuandika haya niliapa kwamba sitaonyesha kinyongo na mtu. Tutaona.

Wizara yetu iliitwa Wizara ya Viumbe Hai na Mambo Yanayofanana Nayo. Kazi yake kubwa, na naweza kusema kazi yake pekee, ilikuwa kutoa Kitabu cha Viumbe kila mwaka. Humo iliandikwa idadi ya kila mnyama, ndege, mjusi na chura anayeishi nchini kwa idhini ya serikali. Sheria ya Kitabu ilikuwa na ibara tatu. Ya kwanza ilisema Kitabu kitakuwepo. Ya pili ilisema Kitabu kitazinduliwa na Waziri. Ya tatu ilisema Kitabu hakikosei.

Aliyekichapa ni mimi. Wengi hudhani idadi za namna hiyo hutoka porini. Zilitoka Chumba Namba Kumi na Nne, ghorofa ya pili, jirani na choo kilichofungwa kwa matengenezo tangu nilipoajiriwa. Kila Novemba nilifungua Kitabu cha mwaka uliopita nikaongeza kila idadi kidogo, kwa sababu Mkurugenzi wetu, Bwana Ananias Kihongo, alinielekeza kwamba nchi inayosonga mbele haiwezi kuwa na tembo walewale mwaka hadi mwaka. Tembo niliwaongeza kwa asilimia tano, kwa kuwa ni wakubwa. Vyura kwa asilimia kumi. Miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika, si raia wala tembo.

Kisha akatokea Bi. Stamili Ngonyani na daftari lake.

Bi. Stamili alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari kwa miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kuwaandalia wanafunzi vyura wa kupasua. Alipostaafu aliwaambia majirani kwamba amewaua vyura wengi kupita kiasi, na sasa angependa kuwafahamu wakiwa hai. Hiyo ndiyo sababu pekee aliyoitoa, na baadaye, polisi walipomhoji kwa siku mbili ili wajue anatumwa na nani, aliirudia ileile mpaka wakachoka kuiandika.

Bonde la Matete liko katikati ya jiji kuu. Juu yake ni mtaa wa watu wenye mageti na mbwa, na chini yake ni Mtaa wa Chini, tunakokaa sisi wengine. Kijito kinapita katikati ya matete, kinatuama kwenye madimbwi, na maji yake yanaingia kwenye visima vyetu. Bi. Stamili alikusanya watu kumi na wanne wa kujitolea: fundi simu, muuza vitumbua, mshona viatu, wauguzi wawili na wengine wa aina hiyo, watu wasio na cheo hata kimoja baina yao. Kila Jumamosi jioni walijipanga kandokando ya bonde, kila mmoja mahali pake, wakakaa kimya dakika kumi na kusikiliza. Walirekodi sauti za vyura kwa simu, wakaandika kwenye daftari, kisha wakatuma kwenye mtandao ambako wataalamu wa nchi mbalimbali huwasaidia watu wa kawaida kutambua viumbe. Jumapili asubuhi walihesabu ndege. Waligundua aina tano za vyura, kenge mmoja aliyeishi chini ya daraja, na fungo aliyekuwa anaiba papai kwenye bustani ya jaji mmoja.

Fundi simu aliitwa Hamdani. Ndiye aliyebuni kipaza sauti cha kuingiza majini, akakifunga ndani ya puto la sikukuu ya kuzaliwa. Binti yake wa pekee, Shemsa, alikuwa na miaka sita, na aliweza kuiga sauti za vyura wote watano. Watu wazima walipobishana ni chura gani wamemsikia, walimwita Shemsa, naye akakoroma kila mlio kwa zamu mpaka wakakubaliana.

Mwaka wa kwanza walihesabu vyura mia tatu na kumi na wanane. Kitabu chetu kilisema elfu tatu mia nane na kumi na wawili. Bwana Kihongo alisoma habari hiyo gazetini akacheka mpaka akavua miwani. Akasema watu hao wanahesabu kwa masikio, na serikali haihesabu kwa masikio.

Mwaka wa pili walisikia mia mbili na wanne. Mwaka wa tatu, arobaini na mmoja. Nasi, kwa asilimia kumi zetu, tulikuwa tumefika elfu nne mia sita na kumi na wawili. Jumamosi ya kwanza ya mwezi Juni uliofuata, baada ya mvua kubwa, wakati ambao bonde lote lilipaswa kupiga kelele, walijipanga wakasikiliza kwa dakika kumi, wakaongeza kumi, wakaongeza ishirini. Muuza vitumbua aliniambia baadaye kwamba walikuwa wanasikia pasi ya mkaa ikikung'utwa nyumba ya tatu. Kwenye daftari Bi. Stamili aliandika sifuri.

*

Baada ya vyura, wakaanza ndege. Mwewe alianguka kwenye paa la msikiti. Korongo watatu walikutwa wamelala kwenye tope, shingo zimepinda. Bata wa jirani yangu walizunguka uani kama wamelewa siku nzima, kisha wakafa. Wale wa kujitolea hawakulaumu mtu. Walipiga picha kila mzoga, wakaweka alama kwenye ramani waliyoichora wenyewe, na walipoitazama ramani hiyo wakaona alama zimesongamana upande mmoja. Wakapanda kufuata kijito. Walifika kwenye bomba linalotoka chini ya ukuta, linamwaga maji ya rangi ya chai ya maziwa, na nyasi zote za karibu zilikuwa zimekauka.

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari. Kilikuwa cha shemeji yake Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Gaudensi Lubisi, na Waziri mwenyewe ndiye aliyekata utepe. Nakumbuka hotuba yake, kwa sababu niliichapa mimi. Alisema kiwanda hicho ni mkono wa kushoto wa mazingira, na mkono wa kulia utafuata.

Wakati huohuo Shemsa alianza kusahau. Kwanza alisahau chura mmoja, yule mwenye sauti ya mlango mkavu. Baba yake akadhani anatania. Kisha akaanza kulalamika tumbo, akawa mkali bila sababu, akapoteza herufi alizokwisha kuzijua. Mwalimu alimwandikia kwamba ni mvivu. Katika darasa lake wavivu walikuwa ishirini na mmoja, wote wa Mtaa wa Chini, na mwalimu mkuu aliomba mkoa umletee viboko zaidi.

Hamdani alimpeleka hospitali. Daktari kijana alimpima damu, akarudi na karatasi, akamwambia kwamba mtoto ana risasi mwilini.

Hamdani aliuliza ni nani aliyempiga.

Ikabidi daktari aketi amweleze. Risasi hii haitoki kwenye bunduki. Ni madini yaliyomo ndani ya betri. Yakiyeyushwa ovyo yanaingia kwenye hewa, kwenye udongo na kwenye maji, na mtoto akiyanywa siku baada ya siku yanamkaa kwenye mifupa na kwenye ubongo. Hamdani alisikiliza mpaka mwisho. Baadaye alimsimulia Bi. Stamili kwamba angeelewa haraka zaidi kama wangemwambia ni bunduki, maana hapo angejua pa kumtafuta mtu.

Habari ya mtoto mwenye risasi ilipoenea, jeshi la polisi lilitoa taarifa siku hiyohiyo. Ilisema uchunguzi wa kina umefanyika na imethibitika kuwa hakuna askari aliyefyatua risasi yoyote katika Mtaa wa Chini, na atakayeendelea kueneza uvumi kwamba watoto wana risasi atachukuliwa hatua kali. Redio iliisoma mara nne. Ni lazima nikiri kwamba haikuwa na uongo hata neno moja.

*

Bi. Stamili aliandika ripoti. Ilikuwa na kurasa kumi na sita, ramani, picha, idadi ya miaka mitatu na karatasi ya hospitali. Aliileta Wizarani mwenyewe, amevaa gauni lake la kanisani, akapita madirisha saba na kila dirisha likamwelekeza kwa jingine, mpaka akafika Chumba Namba Kumi na Nne kwa sababu mlango wangu ndio pekee uliokuwa wazi. Aliniuliza kwa adabu kama mimi ndiye ninayehusika na vyura. Nikasema ndiyo. Akaniuliza huwa tunawahesabu lini, maana katika miaka mitatu hajawahi kukutana nasi bondeni. Nikamjibu kwamba zoezi hilo hufanyika Novemba. Sikumdanganya.

Nilipeleka ripoti kwa Bwana Kihongo. Aliisoma yote, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, na alipomaliza uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeokota kitu njiani.

"Kitabu kinasema vyura elfu nne mia sita na kumi na wawili," aliniambia. "Huyu mama anasema hakuna hata mmoja. Kitabu hakikosei. Maana yake vyura walikuwepo na sasa hawapo. Nani aliwaona mwisho?"

Nikasema ni wale wa kujitolea.

"Basi wawarudishe," alisema, akaniagiza nichape barua.

Nikaichapa. Iliwataka Bi. Stamili Ngonyani na wenzake kuwasilisha Wizarani, ndani ya siku kumi na nne, vyura wa umma 4,612, wakiwa hai, wakiwa katika makundi ya kumikumi kwa urahisi wa uhakiki, na kueleza kwa maandishi ni kwa kibali gani waliwahesabu.

Tarishi alifikisha nakala ya barua hiyo nyumbani kwa Hamdani siku ya Jumatano. Alikuta turubai limefungwa na watu wamekaa chini kwenye mikeka, maana Shemsa alikuwa amefariki alfajiri ya Jumanne. Alishikwa na degedege akiwa mikononi mwa mama yake, na hakurudi. Tarishi alikuwa na utaratibu wake. Alisubiri dua imalizike, akamwendea mfiwa, akampa kalamu asaini kwamba amepokea. Hamdani akasaini. Watu waliokuwepo wanasema aliisoma barua mara mbili, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni mwa kanzu, akaendelea kupokea pole.

Hapo ndipo ningepaswa kuacha kazi. Sikuacha. Nilikuwa na miaka mitano kabla ya kustaafu, na siku hiyo tulipewa soda ofisini.

*

Mwezi uliofuata tulitembelewa na wageni kutoka taasisi moja ya nje. Walikuwa wameona rekodi za bonde letu mtandaoni na wakataka kusikia kimya hicho kwa masikio yao. Wizara haikubabaika. Mgambo hamsini walivalishwa majani, wakaingizwa ndani ya matete hadi magotini, na kufundishwa kukoroma kwa zamu na mwalimu wa kwaya ya polisi. Wageni waliposhuka garini saa kumi jioni, bonde zima liliitikia kwa sauti nne, ya kwanza mpaka besi.

Mheshimiwa Lubisi alisimama kwenye zulia lililotandikwa juu ya tope, akafungua mikono.

"Ndugu wageni," alisema, "mnawasikia wenyewe. Chura wa nchi hii ni chura mwenye amani. Ni chura anayejua alikotoka, anayeipenda serikali yake, na ambaye hatakubali kutumiwa na watu wenye nia mbaya. Kuna nchi zina dhahabu. Kuna nchi zina mafuta. Sisi tuna sauti hii."

Mgeni mmoja mama mzee alisema kwa upole kwamba mmoja wa vyura hao anakohoa. Waziri akamwambia ni aina adimu.

Mgambo wale walikaa ndani ya maji saa tatu. Wiki iliyofuata wengi wao walikuwa na miguu iliyotoka malengelenge, na walipoenda kutibiwa waliambiwa waandike sababu ya ugonjwa. Mkuu wao aliwakataza. Wakaandika kwamba walikuwa wanacheza mpira.

*

Kesi ilisikilizwa kwa siku moja. Bi. Stamili na Hamdani walishtakiwa kwa kupoteza vyura wa umma kwa uzembe, na kwa kuhesabu bila kibali. Mimi nilikuwa shahidi wa serikali. Nilipanda kizimbani na Kitabu mkononi. Mwendesha mashtaka akaniuliza kama idadi iliyomo ndani yake ni sahihi.

Nilimwona Hamdani amekaa, mikono juu ya magoti. Nilimwona Bi. Stamili ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Nikasema ndiyo, ni sahihi.

Bi. Stamili hakuwa na wakili. Hakimu akamwuliza kama ana swali kwa shahidi. Akasimama.

"Unakaa wapi, baba?"

Nikasema nakaa Mtaa wa Chini.

"Una watoto?"

"Watatu."

"Wanakunywa maji gani?"

Hakimu aliingilia kati. Alisema swali hilo halihusiani na vyura na jibu lake halimo ndani ya Kitabu, kwa hiyo shahidi asijibu. Sikujibu. Nilishuka kizimbani nikaketi, na nikagundua kwamba nimebeba Kitabu kwa mikono miwili, nimekikumbatia, kama mtu anayejificha nyuma ya mlango.

Kabla ya hukumu hakimu alionyesha ubinadamu. Alimwambia Bi. Stamili kwamba mahakama haipendi kumfunga mama wa umri wake. Atamke tu hapa, mbele ya watu, kuwa bondeni kuna vyura elfu nne mia sita na kumi na wawili, na ataenda nyumbani kwake kupika. Bi. Stamili aliuliza kama anaweza kuvaa miwani. Akavaa, akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye mistari bila haraka, kama anamtafutia mwanafunzi alama zake.

"Sifuri," alisema.

Akapewa miezi kumi na minane. Hamdani, kwa kuwa alikuwa mfiwa, alihurumiwa: aliachiwa kwa sharti la kutomkaribia chura yeyote kwa umbali wa mita mia moja.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu, Fausta, alikuwa amepakua chakula, na mwanangu wa pili, Yusto, alikuwa ameshika kikombe cha maji mdomoni. Nilimpokonya. Mtoto akalia, Fausta akaniuliza nimepatwa na nini, nami nikabeba ndoo, mtungi na sufuria, nikamwaga maji yote uani huku wananitazama. Asubuhi nikawapeleka watatu wote kwa mmoja wa wale wauguzi wawili wa kundi la Bi. Stamili. Alinitambua. Aliwatoa damu kwa mkono mwepesi kabisa, akawapa kila mmoja pipi. Majibu yalirudi baada ya siku nane. Yusto alikuwa na risasi nyingi kuliko nduguze.

Nilikuwa nimeapa kutoonyesha kinyongo. Najaribu. Lakini miaka mitatu mfululizo watu kumi na wanne walisimama kwenye tope, kila Jumamosi, bila kulipwa, wakatuambia kwa tarakimu ambazo mtoto angezielewa: mia tatu, mia mbili, arobaini, hakuna. Na mimi niliyekuwa nakunywa maji yaleyale niliketi Chumba Namba Kumi na Nne nikiongeza asilimia kumi.

Nilikwenda kwenye kibanda cha Hamdani. Alikuwa amefungua simu ya mtu, ameinama juu yake, na hakuinua kichwa.

"Umefuata chaja?" aliuliza.

Nikamwambia nimekuja na majibu ya wanangu.

Nilidhani atanifukuza, na kama angenifukuza nisingebisha. Kisha akavuta daftari kutoka chini ya meza. Baada ya mahakama kuwakataza vyura, wale wa kujitolea walikuwa wamekaa wakasoma sheria yote, wakakuta kwamba watoto wa binadamu hawamo katika orodha ya Wizara. Kuwahesabu hakukuhitaji kibali. Wakaanza kupita nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio uleule, na ramani ileile.

"Majina na umri," Hamdani alisema. Nikayataja. Aliyaandika kwa mwandiko mzuri. Nikaomba nione waliokwisha kuzikwa. Akageuza ukurasa. Walikuwa kumi na tisa, na wa kwanza alikuwa binti yake.

*

Novemba ikafika. Nilichapa Kitabu kama kila mwaka. Bwana Kihongo alikisaini bila kukifungua, kwa kuwa hakikosei.

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi mkubwa, mbele ya mabalozi na wakuu wa idara, na redio ya taifa iliurusha moja kwa moja. Mheshimiwa Lubisi hakuwahi kusoma kitu kabla ya kukisoma hadharani. Alisema kunapunguza utamu. Akafungua Kitabu. Akasoma simba, ukumbi ukapiga makofi. Akasoma tembo, na twiga, na nyani wa kusini na nyani wa kaskazini, na kila idadi ikapigiwa makofi.

"Vyura wa Bonde la Matete," akasoma kwa sauti ya ushindi, "sifuri."

Makofi yalikuwa makubwa.

"Watoto wa Mtaa wa Chini waliokufa kwa risasi iliyomo katika maji ya bonde hilo, kumi na tisa."

Safu ya mbele ilianza kupiga makofi, ya pili ikafuata, kisha mikono ikaanza kupungua mmojammoja. Waziri aliendelea. Alisoma, "Shemsa Hamdani, miaka sita," na majina mengine matatu, kabla sauti yake mwenyewe haijafika masikioni mwake. Balozi mmoja ambaye mkalimani wake alichelewa kumtafsiria alibaki akipiga makofi peke yake, kisha naye akaacha.

Jioni ile nilifukuzwa kazi. Walitaka pia kukifuta Kitabu, lakini wanasheria wakawakumbusha ibara ya tatu. Kwa hiyo ikawa rasmi, na ni rasmi hadi leo, kwamba vyura wamekwisha na watoto wamekufa. Tulidhani Bi. Stamili atatoka gerezani siku hiyohiyo, maana alifungwa kwa kusema neno ambalo sasa Waziri amelisema redioni. Serikali ilikubali kwamba alisema sahihi. Ikambadilishia kosa: kutangaza takwimu kabla ya tarehe ya uzinduzi. Miezi ikabaki ileile. Ninapoandika haya bado yumo. Nilimwandikia kumwomba radhi, akanijibu kwa mistari miwili kwamba Yusto apewe maziwa na mboga za majani kwa wingi, na apimwe tena baada ya miezi mitatu.

Waliosikia redio siku ile walikuwa wengi. Jumatatu asubuhi akina mama wa Mtaa wa Chini walipanda mpaka kwenye geti la kiwanda na watoto wao, wakaketi barabarani. Hawakuimba wala kubeba mabango. Mimi na Fausta tulikwenda na wetu watatu. Malori ya betri yalifika, yakapiga honi, yakasimama, na foleni yake ikafika hadi kwenye mageti ya watu wa juu, ambao kwa mara ya kwanza walilalamika kuhusu kiwanda kile. Siku ya pili tanuru lilipoa. Siku ya tatu Bwana Kihongo alikuja kwa gari la Wizara, na faili kwapani. Alitakiwa apeleke ripoti kwa Waziri juu ya ukubwa wa mkusanyiko, na hakuwa na karani.

Aliniona akanisogelea, akaniomba kwa sauti ya chini nimpe makadirio tu, kwa kukumbuka kazi yetu ya zamani. Nikakataa. Akamgeukia Hamdani, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe kando ya mkewe.

"Ndugu yangu, mko wangapi hapa?"

"Hesabu," Hamdani alisema.

Bwana Kihongo alitazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta mtu wa kumtuma. Dereva wake alikuwa amegeuzia uso pembeni. Basi akafungua faili, akatoa kalamu, akainua kidole. Alianza na mama aliyekuwa karibu naye, kisha mtoto wake wa mgongoni, kisha wawili waliolala kwenye kanga. Midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtu anayejifunza kusoma. Alipofika kwa Yusto alisita, akauliza kama na huyu ni wa kuhesabiwa. Nikamwambia ndiyo, na huyu.

Kwenye sitini na kitu akachanganyikiwa. Akasimama, jasho linamtoka, kidole kikiwa bado hewani.

Hamdani akamwambia aanze upya, na safari hii asimruke mtu.